Ufunguo wa Ngosa Michelle

Jumatatu, 9 Juni
Ijumaa Dokta Katongo, mwenye zahanati, atachagua mkuu wa kompyuta: mimi au Chancelvie. Itakuwa mimi. Chancelvie anataka kila mgonjwa apewe namba, itolewe na maktaba ya programu yenyewe, ile sehemu inayotunza orodha ya wagonjwa. Namba! Kama wafungwa. Mimi nimeweka jina kamili kuwa ufunguo wa msingi, yaani kitu cha kumtofautisha mgonjwa mmoja na mwingine. Amenikumbusha kwamba hapa Lubumbashi watoto hurithi majina ya bibi zao. Nimemwambia asiniletee mambo ya ukoo kazini. Amekwenda kunywa chai. Nimeshinda.

Jumanne, 10 Juni
Jana Dokta alipata binti. Bahati iliyoje! Nimemsajili mtoto mimi mwenyewe, mbele ya baba. Amepewa jina la mama yake Dokta: Ngosa Michelle, lote, bila kupunguza. Dokta amenipiga begani. Chancelvie ameuliza kwa nini idadi ya wagonjwa haijaongezeka. Wivu tu.

Jumatano, 11 Juni
Mama Ngosa, yule mama yake Dokta, miaka sabini na moja, amefuata dawa za presha. Kompyuta imesema: umri siku mbili, kilo tatu na nusu. Osée, muuguzi, anaiamini kompyuta kuliko macho yake. Amemwonyesha mzani wa watoto, kisha akamuuliza mama yake yuko wapi.
“Mama yangu alikufaka zamani.”
Osée ameandika: yatima.
Kumbe maktaba ikikuta ufunguo uleule haiongezi mtu, inabadilisha aliyepo. Faili la bibi limefutika. Ameondoka bila vidonge, na mimi nimeona aibu ya kweli.

Alhamisi, 12 Juni
Nimepata dawa! Nimekwenda kwa Mama Ngosa, nikamwomba kwa heshima abadilishe jina. Kidogo tu. Ngosa Michelle B.
“Huyu iko mutoto ya nani?” ameuliza.
Dokta alikuwa sebuleni. Amesikia yote.

Ijumaa, 13 Juni
Chancelvie amerudisha faili kutoka kwenye nakala ya akiba na kumpa kila mgonjwa namba. Bibi amepata vidonge. Mkuu ni Chancelvie.
Mimi nimebakiziwa rejista ya chanjo, kwa wiki moja ya huruma. Dokta ameuliza kama nimejifunza. Sana, nimejibu. Majina hufanana, kwa hiyo sasa ufunguo ni namba ya simu ya mama. Nimeanza na mapacha wa mama mmoja, Mado. Orodha inaonyesha mtoto mmoja. Mado atakuwa amehesabu vibaya.