Mavi ya Mbuzi Kilimani

Jumatatu, 6 Oktoba
Mihogo imestawi! Majani mazima, hakuna kulungu aliyeyagusa. Ni kazi ya sanamu yangu shambani, niliyoivisha msuli wa zamani na kofia. Mke wangu Salmiyah kasema inafanana na mimi, ila yenyewe inasimama wima. Mke gani huyu!

Sahran kapita na mbwa wake wa kuwinda nguruwe. Eti kulungu wa kilima changu, hiki cha juu ya shamba, wamekimbia harufu yangu. Ana nyongo tu: mbwa ni marufuku kilimani mpaka kulungu waongezeke. Kesho Wulan, yule binti aliyekuja kisiwani kwetu Bawean na meli kutoka Java, anahesabu mavi yao. Mavi mengi, kulungu wengi. Mbuzi ninao. Gunia ninalo. Tutaona nani ananuka.

Jumanne, 7 Oktoba
Nimemwaga alfajiri, kidogo hapa, kidogo pale, kwa ustadi. Balaa! Beberu kanifuata hadi juu, akawa anaongeza mwenyewe. Nimemfukuza kwa kandambili. Imepotea.

Wulan kahesabu, karuka kwa furaha: Babu Rakib, wamerudi! Nikakohoa kwa unyenyekevu.

Alhamisi, 9 Oktoba
Lahaula! Mkuu wa kijiji katangaza: kulungu wameongezeka, basi Jumapili mbwa ruksa. Sasa mbwa akikuta mtoto wa kulungu atamwambia pole, nilikuwa natafuta nguruwe?

Sahran kanishika mkono mbele ya watu kwenye kibanda cha chai. Asante, mzee mwenzangu, kilima chako kimebarikiwa. Chai ilinishinda.

Ijumaa, 10 Oktoba
Baada ya sala nimepanda na ufagio. Mpango: nifagie mavi yote, ya mbuzi na ya kulungu, halafu Wulan ahesabu upya, mbwa wazuiwe.

Ya mbuzi nimeyaona. Ya kulungu nimeyatafuta hadi goti likalia. Hakuna hata punje. Majani machanga, yale ya usawa wa midomo yao, yamejaa tele, hayajang'atwa. Tope la kijitoni laini kama uji, bila alama ya kwato. Na huu ndio mwezi wa madume ya kulungu kubweka wakitafuta majike! Kimya.

Nikakumbuka mihogo yangu. Sanamu haikumtisha yeyote. Hakukuwa na wa kutishwa.

Jumamosi, 11 Oktoba
Nimekwenda kwa Wulan kuungama, na kichane cha ndizi. Kaniwahi: kampigia mama yake simu kumpa habari njema, mama kalia kwa furaha. Nikamwambia ndizi zimeiva vizuri.

Jumapili, 12 Oktoba
Mbwa wameingia, wametoka, ndimi nje, midomo mitupu. Nilimngoja Sahran na matusi yangu tayari. Hakunitania. Kasema tu kule ndani kumetulia mno, Rakib, wewe uliwaona lini mara ya mwisho? Nikajibu juzijuzi tu. Kwa kweli sikumbuki.

Jioni Wulan kapita, uso umemshuka. Kesho anapanda kuhesabu tena. Nilifungua mdomo nimwambie ukweli. Lakini uso ule!

Nimewapa mbuzi majani ya mihogo, wale washibe, gunia lijae kabla ya alfajiri; kulungu wa kuyala hawapo. Safari hii nitamfunga beberu.