Kompyuta Nane, Kuzima Mara Moja

Jumatatu, tarehe 6 Mei
"Kila sasisho la programu likiingia, kompyuta izimwe na kuwashwa papo hapo." Ndivyo anavyohubiri shemeji yangu, mworodheshaji vitabu hapa maktabani. Uzushi! Leo masasisho manne, kuzima mara nne. Msomaji wetu Mzee Mstaafu, anayeandika hotuba ya harusi ya bintiye, kapoteza ukurasa uleule mara tatu. Ijumaa mwenyekiti wa kamati ya maktaba anakuja kuamua ufunguo wa chumba cha kompyuta ashike nani. Mimi au yeye.

Jumanne, tarehe 7
Dawa ninayo. Masasisho ya wiki yote yaingie kwanza, kisha tuzime mara moja tu: Alhamisi saa saba, wasomaji wakienda kula. Shemeji kabisha. Nikamuuliza kama nyumbani huzima jiko kila akitia chumvi. Karudi kwenye vitabu vyake!

Jumatano, tarehe 8
Hakuna iliyozimwa. Raha iliyoje! Ila ujumbe wa kudai kuzimwa umejaa pembeni mwa vioo, wasomaji wanababaika. Nimeuzibia karatasi. Kompyuta nane, karatasi nane. Mke wangu kasema kufumba macho hakuzuii mvua. Anamtetea kaka yake tu.

Alhamisi, tarehe 9
Saa saba kamili. Chumba kitupu, kidole kitufeni. Shemeji kapita mlangoni, kanitania: eti Profesa leo kaishiwa maneno. Mimi? Nikamfuata hadi ngazini. Hoja kumi na moja! Ya tisa ilimtoa jasho. Niliporudi, wasomaji wameshakaa. Si neno.

Ijumaa, tarehe 10
Kumbe ujumbe ulitaja mwisho wa kusubiri: leo, saa nne asubuhi. Chini ya karatasi, nani angeona? Saa nne mwenyekiti kainama asome hotuba ya Mzee Mstaafu. Giza! Zote nane kwa mpigo. Mzee kapiga yowe. Zilipowaka, hotuba ipo nzima: shemeji alimfundisha kuhifadhi kila aya. Mwenyekiti kacheka hadi miwani ikamdondoka. Kaamua: mpango wangu ni mzuri, ufuatwe, ufunguo ashike shemeji. Shemeji kanikumbatia. Mnafiki! Nikamkumbatia pia.

Jumamosi, tarehe 11
Nimeshinda! Ufunguo ni chuma tu. Tangazo langu liko mlangoni: "Wasomaji wa kompyuta zote nane! Alhamisi ijayo, saa saba kamili, saa ya kuzima, njooni ngazini mnisikilize nikimjibu shemeji kwa kirefu. Nawe shemeji, usithubutu kubaki chumbani!"