Karavani Bila Spea

Jumatatu, 20 Januari 2025

Karavani ni yangu! Nimeipata kwenye kambi ya watalii iliyofungwa, nikatoa pikipiki yangu iwe malipo. Vitanda viwili, dirisha, hata sinki. Nitaivuta hadi Kasigau, niiegeshe kando ya shamba la Mama, nilinde ndengu zake dhidi ya ndovu mpaka zivunwe wiki ijayo. Ndengu hizo ndizo operesheni ya jicho lake. La kushoto limeshakufa, la kulia linafuata.

Shemeji Mutiso, mume wa dada yangu, amesema ndovu hawaogopi sinki. Yeye anataka kujenga dungu la miti, akae juu yake na debe la kupigia kelele. Dungu! Karne hii! Nimemwahidi Mama nitafika Jumatano.

Jumanne, 21 Januari

Karavani haina spea, gurudumu la akiba. Jirani yangu Mwandawiro, mwenye pikapu ya kuivuta, anayo yake, lakini rimu ina mashimo sita ya boliti. Ya karavani ni manne. Kiema, fundi wa pancha hapa Voi, ameniambia ningoje gurudumu sahihi kutoka Mombasa, litafika Alhamisi, la sivyo nibaki nyumbani. Nikaagiza. Kisha Mama akapiga simu kwamba Mutiso ameshakata miti. Nikaghairi hapo hapo.

Nyuma ya gereji nimeokota gurudumu la gari dogo la zamani. Nimehesabu mashimo. Manne! Kiema akanishauri nilipime kwanza kwenye karavani, kuhesabu tu hakutoshi. Mtu wa kukatisha tamaa huyu. Sikulipima.

Jumatano, 22 Januari

Tumepita Maungu, tukaingia barabara ya Kasigau. Mawe matupu. Kabla ya saa sita tairi la karavani limechanika ubavuni, halizibiki. Nikatoa spea yangu kwa madaha. Shimo la kwanza likaingia. La pili likakataa. Ni manne kweli, ila yameachana kuliko ya karavani. Mwandawiro hakucheka, na hilo limeniuma zaidi. Amerudi Voi na pikapu yake. Mimi nimebaki kulinda mali. Karavani imeinama, nalala miguu ikiwa juu ya kichwa.

Alhamisi, 23 Januari

Jua kali. Nimempigia Kiema. Gurudumu la Mombasa lilifika asubuhi, akamuuzia mtu wa Chawia mwenye tela la maji. Eti alifurahi sana. Simjui, lakini namchukia.

Nimebeba spea yangu hadi kwa mchomeaji vyuma wa Maungu, akaitoboa mashimo mapya. Amesema itashika, labda.

Ijumaa, 24 Januari

Mwandawiro amerudi, ana moyo huyu mtu. Tumefunga spea, tukaondoka saa tisa mchana. Kilomita mbili mbele nikaona gurudumu linatupita, linaelekea Kasigau peke yake. Nikamwambia Mwandawiro kuna maskini amepoteza gurudumu. Hapo karavani ikalala chini.

Nimempigia Mama. Nimelia, sifichi. Mama akamwomba Mutiso ashuke kwenye dungu, aje na jeki na wanaume wawili. Amekuja. Giza limetukuta bado tunasukuma.

Jumamosi, 25 Januari

Ndovu waliingia usiku. Dunguni hapakuwa na mtu. Shamba lote limeliwa na kukanyagwa. Nimemkuta Mama amechuchumaa, anapapasa udongo kutafuta maganda asiyoyaona. Hakunigombeza. Aliuliza tu, Donald mwanangu, umekula? Nimeona aibu. Mutiso alikuwa akiangalia mlima.

Jumatatu, 27 Januari

Mama ameamua kuuza mbuzi wake wawili, hana wengine, ili jicho la kulia liokolewe. Mutiso alitaka kuwapeleka sokoni. Nimekataa katakata. Mimi ndiye kifungua mimba. Nimefika nao Voi salama.

Njiani nimetafakari kosa lilikuwa wapi, na nimeliona. Magurudumu mawili! Kuna mtu Mwatate ana karavani ya magurudumu manne. Moja likipasuka, matatu yanabaki. Hiyo haihitaji spea kabisa. Nitaikodisha kwa watalii, nilipie macho yote mawili, hata lile lililokufa.

Nimempigia mwenye karavani hiyo. Amekubali kupokea mbuzi.