Gari la Mapumziko Tu

Jumatatu, 29 Septemba. Mwezi wa tano tangu niondoke Kentucky.

Nimefika Dakota Kaskazini jana jioni, gari likikohoa. Mavuno ya viazisukari yanaanza Jumatano. Ni viazi vikubwa kama kichwa cha mtoto, udongo mwingi kuliko sukari. Kazi yetu ni kusimama kando ya mashine inayovirundika mpaka rundo linakuwa refu kama kanisa. Zamu ya mchana, kutwa nzima tumesimama. Lakini wanatupa mahali pa kuegesha bure, na umeme, na maji. Kwa hilo tu ningewabusu.

Maana nyumba ya magurudumu inakula. Watu wa nyumbani hudhani anayeishi ndani ya gari anaishi bure. Mafuta. Matairi. Gesi. Kiwanja cha kulala. Kisha bima. Bima ya mtu anayeishi garini mwaka mzima ni karibu mara mbili ya bima ya mtu anayelitoa siku za mapumziko. Kwa hiyo mimi, mbele ya kampuni ya bima, ni mtu wa mapumziko. Gari langu hulala uani kwa shemeji yangu Verna kule Kentucky, nami hulitoa wiki tatu kila kiangazi kwenda kuvua samaki. Sijavua samaki tangu kiwanda kiliponiachisha kazi. Lakini karatasi hainuki samaki.

Nimempigia Nadine. Ni mke wangu, ila anakaa kwa dada yake Verna tangu baridi ya mwaka juzi. Tulikuwa Wyoming. Paa likavuja upande wake wa kitanda, akaamka nywele zimegandia mto wa kulalia. Hakupiga kelele. Alifunga begi tu.

Leo kaniambia yuko tayari kujaribu tena. Nikimaliza viazi nimfuate, twende Arizona kwenye jua mpaka baridi iishe. Sharti lake ni moja, paa lisivuje. Nikamwambia paa hili halivuji hata ukilikojolea. Akasema, Verlin, usianze.

Nimetandika upande wake. Mimi nalala upande wangu tu.

Alhamisi, 2 Oktoba.

Siku ya pili ya kazi. Mgongo umekufa, mikono bado inapumua.

Kambi nzima ina mti mmoja. Niliamka mapema juzi nikaweka kiti changu chini yake, kisha nikalisogeza gari. Jirani yangu, Delmar Kroeger wa Nebraska, alikuwa analitaka eneo hilo, naona. Alikuja na kahawa yake akautazama mti mpaka juu. Akasema kuna tawi pale limekufa, mzee, Lorene wangu hakutaka tukae chini yake. Nikamshukuru. Moyoni nikacheka. Sizitaki mbichi hizi, alisema sungura.

Gari la Delmar ni refu kuliko kituo cha zimamoto. Anabonyeza kitufe, ukuta unatoka nje, ghafla ana sebule. Ana meko ya umeme yenye moto wa uongo. Yeye na mkewe wana nyumba kabisa kule Nebraska, ya matofali. Viazi wanakuja kuvifanya ili wasizeeke, wanasema.

Mlangoni katundika kibao: Karibuni kwa Delmar na Lorene. Kando yake ramani ya Marekani. Kila jimbo ulilolala na gari lako, unabandika stika yake. Ndiyo desturi yetu watu wa magurudumu. Kabla mtu hajakuuliza jina, husoma mlango wako. Delmar akasoma wangu. Thelathini na moja, akasema, si haba kwa gari la umri huo. Yake ni thelathini na nane.

Nimeikagua yake alipokwenda kuoga. Amebandika na Hawaii. Hawaii ni kisiwa katikati ya bahari. Gari lilifikaje, kwa kuogelea? Nilipomuuliza akasema walilala hotelini, kwenye sherehe ya ndoa yao. Hoteli haihesabiki. Kila mtu anajua haihesabiki.

Jumamosi, 4 Oktoba.

Upepo. Kisha mvua. Kisha tawi.

Limetoboa paa juu ya kitanda. Upande wa Nadine. Nilikuwa kazini, nikarudi nikakuta majani kwenye mto wake, kama mtu kalala pale na kichaka.

Delmar alikuja, akatazama, hakusema lolote kuhusu tawi. Ningependa angesema. Angesema ningegombana naye, ningepata joto.

Nimeweka sufuria juu ya godoro. Nadine akapiga simu wakati uleule, kuniambia kanunua viatu vya kutembelea jangwani. Akauliza ni nini hicho kinachogonga, tik, tik. Nikasema ni saa. Akasema hakujua kama nina saa. Nikasema ni mpya. Akasema vizuri, Verlin, mtu anahitaji saa.

Nalala kwenye kiti cha dereva.

Jumanne, 7 Oktoba.

Jua kali la ajabu, kazi imesimamishwa. Viazi vikirundikwa na joto huoza. Kwa hiyo tunakaa kusubiri baridi, sisi ambao mwaka mzima tunaikimbia.

Nimepiga simu kampuni ya bima. Kijana mpole. Akauliza gari liko wapi. Nikasema Dakota Kaskazini, mapumzikoni, navua samaki. Akauliza, mwezi wa kumi, baba? Nikasema wale wazuri hutoka na baridi. Akasema hakujua hilo. Hata mimi sikujua.

Mkaguzi atakuja Ijumaa kutazama paa. Akiridhika, wanalipa, fundi wa mjini Fargo analiziba, namfuata Nadine. Kilichobaki kati yangu na Nadine ni mtu mmoja tu mwenye ngazi na kalamu.

Kwa hiyo gari lionekane la mapumziko. Nimeanza kupanga.

Alhamisi, 9 Oktoba.

Nimeondoa kila kitu kinachosema mtu anaishi hapa. Makoti ya baridi. Kikaango cha chuma. Dawa za presha. Mapazia aliyoshona Nadine. Chungu cha mche wa nyanya kilichokuwa ngazini. Buti zenye tope la viazi. Picha yetu ya harusi.

Nikamwomba Delmar anifichie. Alicheka mpaka akashika usukani. Akasema, yaani mzee, unahama ili waamini hukuwahi kuhamia? Nikasema ndiyo, na punguza sauti. Akaapa kwamba akiulizwa atasema mimi ni mvuvi wa mwisho wa wiki, hodari, anayenuka.

Lorene hakucheka. Aliichukua ile picha, akaifuta kwa aproni, akaiweka mezani kwao karibu na picha za wanawe. Akasema mkeo ana uso mzuri, anakuja lini? Nikasema karibu.

Vitu vingine vyote vimeenea bafuni kwao. Vyote. Nilidhani ingekuwa safari mbili tatu, ikatosha moja. Miaka minne ya maisha, na Delmar bado ana nafasi ya kuoga.

Nimenunua fimbo ya kuvulia samaki duka la mitumba. Nimeiegemeza mlangoni, mahali pa kuonekana.

Ijumaa, 10 Oktoba.

Niandike kabla sijabadilisha mambo kichwani.

Mvua ya asubuhi imetia tope mashambani, hakuna kazi, kambi yote ipo. Mkaguzi kaja, Bi Aasgaard, mama mtu mzima mwenye buti nzuri. Kapanda ngazi mwenyewe. Kapima tundu, kapiga picha tawi. Akashuka akasema ni upepo, hakuna ubishi, hili linalipika.

Kisha akaingia ndani. Akasimama katikati. Akafungua kabati, halina kitu. Akatazama madirisha bila mapazia. Akasema, ama kweli, hapa haishi mtu.

Nilitakiwa nifurahi. Niligeuka nikalitazama sinki mpaka macho yakatulia.

Akaanza kuandika. Akasema fundi anaweza kuanza wiki ijayo. Kichwani nikamuona Nadine na viatu vyake vipya. Tukatoka nje, naye akaufunga mlango nyuma yetu, na hapo akaiona ramani.

Niliisahau. Mlango wako mwenyewe huuoni.

Akasema ni majimbo mengi haya, Bwana Stroud, kwa wiki tatu za kiangazi. Jibu nilikuwa nalo. Ni miaka mingi, mama, kidogo kidogo. Lilikuwa mdomoni kabisa. Ila Delmar kafika na vikombe vya kahawa, kaja kusaidia. Akasema, haya si kitu, mama. Huyu ni mtalii tu, anaonja. Mtu anayeishi barabarani kweli ana thelathini na nane kama mimi. Akaonyesha mlango wake.

Alikuwa ananiokoa. Sasa naona. Pale nilichoona ni Hawaii.

Nikamwambia, mtalii nani? Wewe mwenye nyumba ya matofali, unayerudi kila Krismasi kulala kitandani kwako, uniite mimi mtalii? Umebandika kisiwa, bwana. Mimi sijalala ndani ya nyumba miaka minne. Hata Kentucky nalala uani, humuhumu. Nimeugua humu. Nimekula baridi ya Wyoming humu mpaka mke wangu akaganda nywele. Hakuna usiku Mungu alioniletea ambao sikulala ndani ya gari hili.

Delmar kaitazama kahawa.

Bi Aasgaard akauliza taratibu, miaka minne, Bwana Stroud? Nikasema, kwa vipindi vipindi.

Akafunika kalamu. Akasema anasikitika, na nadhani ni kweli. Akapiga hatua mbili, akageuka. Akasema, na ile fimbo, baba, haina mshipi wala ndoano.

Jumatatu, 13 Oktoba.

Wamejibu. Hawalipi. Na bima yenyewe wameifuta, kwa sababu gari waliloliwekea bima, la mapumziko, halikuwahi kuwepo.

Bila bima siruhusiwi barabarani. Kwa hiyo nina nyumba ya magurudumu isiyoweza kwenda, yenye paa lisiloweza kuzuia mvua. Viazi vikiisha kambi inafungwa na maji yanakatwa.

Delmar kaja na turubai la buluu, lile la kufunikia mbao zake. Tukapanda wote juu, wazee wawili, tukafunga kamba tukishikana mikanda tusianguke. Nilitaka kumwomba radhi. Nikamwambia fundo lake limelegea. Akasema, lako pia.

Lorene kanirudishia vitu vyangu. Mapazia kayafua na kuyapiga pasi. Picha ya harusi kaifunga kwenye taulo kama mtoto.

Jumanne, 14 Oktoba.

Nimepita mlangoni kwa Delmar kwenda kazini. Hawaii haipo. Kaibandua. Pamebaki doa jeupe katikati ya bahari.

Ningependa angeiacha.

Alhamisi, 16 Oktoba.

Nimempigia Nadine. Nikasema kila kitu shwari, paa kavu, nakuja. Akauliza, ile saa imesimama? Maana safari hii siisikii. Nikasema nimeitengeneza.

Akasema Verna kampa kile chumba cha mbele mpaka Pasaka. Akasema kakubali. Keshatundika makoti yake.

Nikamwambia, Nadine, paa haliingizi tone. Kwa leo ilikuwa kweli, turubai lilikuwa limekaza. Akasema si paa. Akasema alijua siku ileile, nani asiyejua sauti ya maji kwenye sufuria, kaishi nayo. Akasema, ungeniambia linavuja, Verlin, ningekuja na ndoo.

Nikasema laini ni mbaya. Akasema laini ni nzuri.

Hakuna aliyekata simu. Kisha nadhani Verna alimwita.

Jumapili, 19 Oktoba.

Delmar na Lorene wameondoka asubuhi kurudi Nebraska. Turubai wameniachia. Alipiga honi mpaka barabara kuu. Kambi imekuwa kubwa.

Nimekaa nikafikiri sana juu ya yote haya. Makosa yangu nimeyaona, na nimeyarekebisha.

Nimepiga simu kampuni nyingine ya bima. Binti mwenye sauti tamu. Akauliza gari nalitumiaje. Nilitazama upande wa Nadine, nimeutandika upya, shuka limekauka. Nikasema mapumziko tu, binti yangu, wiki tatu kwa mwaka. Akauliza hulala wapi siku nyingine. Nikasema Kentucky, uani, kwa mke wangu. Akauliza kama limewahi kupata ajali au kudai chochote. Nikasema kamwe. Bei yake nzuri sana. Kuanzia kesho naruhusiwa barabarani.

Ramani nimeibandua mlangoni, yote. Fimbo nimeinunulia mshipi na ndoano. Na nimenunua saa ya ukutani, ile ya mtindo wa zamani inayogonga kwa nguvu. Nimeitundika juu ya kitanda. Nadine akisikia tik, tik, nitamwambia ni saa, na nitakuwa nasema kweli.

Nimemtumia kadi. Nimemwandikia kwamba paa ni zima, gari ni zima, asimpe Verna jibu la mwisho kuhusu kile chumba. Rundo likiisha nang'oa nanga. Natarajia kufika nyumbani kwa Sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba. Theluji ikiwahi, basi Krismasi. Nikichelewa sana, Pasaka.