Malimbuko ya Uwanja wa Ndege

Jumatano, tarehe 26 Agosti 2015. Okolona, Louisville.

Hyacinthe amepewa ufunguo. Naandika tena ili niamini. Hyacinthe, aliyefika Amerika nyuma yangu, aliyeuliza siku ya kwanza kama theluji inaliwa, amepewa ufunguo.

Ni ufunguo wa lile sanduku kubwa la bluu pale kazini, uwanja wa ndege, tunakomwaga barabara mpya ya ndege kwa beto. Wakenya wa kazini wanaiita zege. Kitu ni kilekile, kinachafua viatu vilevile. Malori yakifika, wanachota beto kidogo, wanaishindilia kwenye kopo refu kama thamosi. Ikikauka linatoka gogo dogo la jiwe, sisi tunaliita kigogo. Vigogo vinalala sandukuni kwenye maji ya vuguvugu, vinatunzwa kama mayai. Siku yake ikifika, mhandisi anakitia kigogo kwenye mashine, anakibana mpaka kipasuke. Hapo ndipo anajua kama barabara itabeba ndege au itabeba mbuzi tu.

Donc, mlinzi wa vigogo ni Hyacinthe. Anaandika namba kwenye kitako cha kila kimoja kwa rangi nyekundu, mwandiko wa mtoto wa masista.

Na mimi Nshombo? Nanyunyizia dawa nyeupe juu ya beto mbichi ili jua lisiipasue. Narudi nyumbani miguu myeupe kama mwuza unga. Mdogo wangu Précieuse ananiita mzimu. Bila mimi uwanja wote ungepasuka, lakini kapita wetu, msimamizi Mzungu wa sharubu, haoni. Alisema ufunguo unataka mtu mtulivu. Utulivu ni kazi gani? Hata kiti kimetulia.

Ijumaa, tarehe 28 Agosti.

Pasta Jean-Baptiste ametangaza. Wiki ijayo tunakwenda Columbus, makanisa yetu yote yanakutana: sisi wa Louisville, wao wa Columbus, na wale wa Buffalo. Jumapili ni malimbuko. Kila mtu alete matunda ya kwanza ya mikono yake. Yatabarikiwa, halafu yatapigwa mnada, pesa ziende kwa wajane kule Kivu Kusini.

Wale wa Buffalo! Moyo uliruka. Maana Vestine anaishi Buffalo, kwa shangazi yake Mama Nyiramahirwe mwenye duka la vyakula Grant Street. Mwaka jana Vestine alicheka nilipotoa mzaha. Alianza kucheka hata kabla sijamaliza. Tangu siku ile najihesabu nusu mchumba. Imebaki yeye kuambiwa.

Habari mbaya: Hyacinthe ana bustani nyuma ya kanisa. Nyanya, lengalenga, na boga moja la kutisha ambalo analipima kwa mkanda wa suruali yake. Mama yangu alilitazama boga lile kama anatazama mjukuu. Akaniuliza mimi nimepanda nini. Nikamjibu nimepanda uwanja wa ndege. Akasema basi nikauvune.

Alhamisi, tarehe 3 Septemba.

Nimeuvuna.

Wazo lilinijia nikiwa nanyunyiza. Matunda ya kwanza ya mikono yangu ni yapi? Beto! Nani mwingine katika Kivu yote ameleta madhabahuni kipande cha uwanja wa ndege? Boga litajificha chini ya meza kwa aibu. Halafu kuna faida ya pili, naiandika polepole kwa sababu ni tamu: kigogo kikikosekana, mlinzi mtulivu atamwambia nini kapita?

Sikuvunja kitu. Nilimwambia Hyacinthe jua limenipiga, naomba kuloweka kitambaa kwenye maji ya sandukuni. Akanipa ufunguo mwenyewe. Tena akanionea huruma, akanipa na ndizi yake. Mtu mjinga sana. Ndizi nimeila.

Kigogo sasa kiko chini ya kitanda changu ndani ya mfuko wa mchele. Kizito kama mtoto aliyeshiba. Précieuse ameniona nikikipaka rangi ya dhahabu. Akaniambia kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba mimi si mzima. Nimefunga utepe mwekundu. Kwenye kigogo, si Précieuse.

Jumapili, tarehe 6 Septemba. Columbus.

Siku kubwa.

Ukumbi tuliokodi uko University District, karibu na chuo kikuu. Wanafunzi wanapita na vitabu na usingizi. Vestine amevaa kitenge cha njano. Aliniamkia. Alimwamkia na Hyacinthe pia, lakini alianza na mimi, nilikuwa nimesimama mlangoni tangu asubuhi.

Malimbuko yakapita mbele. Kuku, mihogo, keki ya Columbus iliyoanguka upande mmoja. Boga la Hyacinthe wakalipigia vigelegele. Nikaja mimi na kitambaa cheupe, nikafunua. Mtoto mmoja akauliza kama ni thamosi. Nikashika kipaza sauti nikaeleza kwamba juu ya jiwe la aina hii ndege zitatua zikiwa na watu mia tatu na mizigo yao, na jiwe hili ni kaka mkubwa wa barabara yote. Watu wakasimama. Mzee mmoja wa Buffalo akalia. Pasta akakibariki kwa mikono miwili, akataka kukiinua juu, mgongo ukakataa.

Bon. Mnada ukafika. Boga likanunuliwa vizuri tu. Kigogo kikawekwa mezani, na hapo nikamwona Hyacinthe anainama, anachungulia kitako. Kitako nilisahau kukipaka rangi. Namba yake nyekundu ilikuwa inamtazama.

Nikangoja apige kelele. Akainua mkono, akataja bei.

Mama Nyiramahirwe naye akapandisha, anasema mlango wa duka lake unapigwapigwa na upepo wa ziwani, anahitaji cha kuuzuia, na kilichobarikiwa ni bora zaidi. Hyacinthe akaongeza. Shangazi akaongeza. Hyacinthe akaongeza tena, na watu wakaanza kumpigia makofi yeye. Makofi, kwa ajili ya kigogo changu! Vestine akageuka kumtazama. Nikaona macho yale.

Mkono wangu ukapanda wenyewe.

Nilipandisha, akapandisha. Alinitazama kama mtu anayetaka kuniambia jambo, nikapandisha kabla hajalisema. Pasta jasho linamtoka, wajane wa Kivu wanatajirika. Mwisho Hyacinthe akakaa chini. Nimeshinda! Mshahara wangu wa wiki nzima, na ahadi ya wiki nyingine. Précieuse aliniuliza sikioni kama nimenunua kitu nilichokileta mwenyewe. Nikamwambia mambo ya mnada ni ya watu wazima.

Baada ya chakula Hyacinthe akanivuta pembeni. Alisema polepole, bila hasira, na hilo ndilo lililoniudhi. Alisema, ndugu yangu Nshombo, kile kinapasuliwa Jumatano, kisipokuwepo mimi nakwisha, nirudishie na hakuna atakayejua. Hyacinthe ananiomba mimi! Nilitaka aendelee kidogo. Nikamjibu kitu kilichobarikiwa hakipasuliwi na mashine. Halafu, kabla moyo haujalainika, nikaenda moja kwa moja nikampa Vestine kama zawadi.

Aliniuliza mtu anafanyia nini zawadi kama hii. Nikasema anaiweka mahali pa kuiona kila siku. Shangazi akasema mlangoni, tayari.

Gari lao lilikuwa mbali. Nikamwachia Hyacinthe abebe, yeye ana mgongo wa bustani. Wamesimama kwenye gari wakiongea muda mrefu sana, yeye amekikumbatia kigogo. Mchukuzi wa watu. Nilimhurumia.

Jumanne, tarehe 8 Septemba. Okolona.

Précieuse anasema Hyacinthe alimpigia simu Vestine jana, na leo tena. Anaomba kigogo kirudi. Shangazi amekataa, kwanza kimebarikiwa, pili mlango umetulia. Précieuse anasema leo wameongea mpaka simu ya Hyacinthe ikazimika. Vizuri! Aendelee kuomba. Mwanamke hampendi mtu anayeombaomba.

Jumatano, tarehe 9 Septemba.

Mhandisi amekuja, amehesabu, amekosa kimoja. Kapita sharubu zimesimama. Sheria ya uwanja wa ndege haichezi: kigogo kikipotea, lazima watoboe tundu kwenye barabara yenyewe watoe kingine humo.

Nilijiandaa kwa kutajwa. Nilikuwa na uongo wa aina tatu mfukoni. Hyacinthe akasema ufunguo ulikuwa wake na kosa ni lake. Basi. Hakunitaja hata kwa jicho. Mnaona mtu huyu? Hata kwenye kosa anataka kuwa wa kwanza. Kosa ni langu, nililitengeneza kwa mikono yangu, na sifa anachukua yeye. Kapita mwenyewe alisema, angalau mtu huyu hasemi uongo.

Kapita hataki kumfukuza. Anataka tu amtoe hapa. Nilikuwa karibu, nashika pampu yangu, nikamsaidia kufikiri. Nikasema, mpeleke mbali, kuna kazi yetu ya barabara kuu kule Buffalo, kule baridi itamfunza. Kapita akanitazama. Akasema kweli, Buffalo wanatafuta mtu.

Na ufunguo? Amenipa mimi! Nimeuvaa shingoni. Nitalala nao. Hyacinthe Buffalo, mimi ufunguo. Jamani, kuna watu tumezaliwa na akili.

Alhamisi, tarehe 10 Septemba.

Asubuhi, kwenye chai, Précieuse aliniuliza swali moja tu. Vestine anaishi mji gani?

Sikumaliza chai.

Jumatatu, tarehe 14 Septemba.

Nimejaribu kila kitu. Nilimwambia kapita Hyacinthe ana kifua kibovu. Akasema hewa ya ziwani inafaa. Nilijitolea kwenda mimi badala yake, kwa upendo. Akasema mimi nina ufunguo sasa, nitulie.

Hyacinthe ameondoka leo na basi. Alikuja kuniaga. Ameniachia bustani nimwagilie. Aliniambia hana kinyongo. Nilimtafuta kinyongo usoni kwa muda mrefu, ningepata hata kidogo ningelala vizuri. Hana.

Mchana wamenishikisha mashine ya kutoboa. Tundu lote nimelichimba mimi, vumbi na maji mpaka masikioni. Kigogo kilichotoka ni kigumu kabisa. Kimepita. Hakuna aliyepiga vigelegele.

Jumapili, tarehe 25 Oktoba. Buffalo.

Tumekuja kupeleka posa. Wazee wa Louisville walikaa, wakatafuta msemaji wa upande wa Hyacinthe, kijana anayejua kuongea. Wakanichagua mimi. Nilitaka kukataa. Halafu nikawaza, wasiponiweka mimi watamweka mtu asiyejua.

Nimeongea vizuri mno. Nimemsifu Hyacinthe mpaka mwenyewe nikamwonea wivu upya. Mahari wamepunguza kwa sababu ya maneno yangu. Aliyefaidika ni yeye.

Kigogo kipo mlangoni, dukani Grant Street, kinazuia upepo. Wateja wanakigusa wakiingia. Dhahabu imebanduka, lakini kitakoni namba nyekundu ya Hyacinthe bado ipo. Vestine aliwasimulia wageni wote: kama si lile jiwe, yeye angepokea vipi simu ya mwanamume aliyekuwa analilia jiwe, na kisha angemjua vipi? Akasema shukrani ni kwa Nshombo. Watu wote wakanigeukia. Hyacinthe akanikumbatia. Nilitaka sakafu inimeze, lakini walikuwa wanapiga makofi, na makofi ni makofi. Nikasimama, nikayapokea.

Chai aliniletea Chimène, binamu ya Vestine. Nikatoa mzaha wangu. Alicheka kabla sijamaliza.

Lakini kuna kijana mmoja pale, anaitwa Liberati, anafanya kazi kiwanda cha mikate. Alimletea Chimène mkate wa moto mikononi, mbele yangu. Wote wakausifu. Mkate! Unga na hewa. Na nimesikia mwakani ataleta mkate mkubwa kuliko wote kwenye malimbuko, na malimbuko ya mwakani ni kwetu, Louisville.

Sawa. Nilikosea wapi? Nimefikiri njia nzima kutoka dukani, nimeona. Kigogo kilikuwa kidogo. Kinabebwa na mtu mmoja, kinamezwa na gari, kinakwenda Buffalo. Sandukuni mle mle, chini kabisa, kuna boriti za beto za majaribio. Ndefu, za mraba, moja inataka wanaume wawili. Ile hakuna mwanamume atakayembebea Chimène mpaka kwenye gari.

Na ufunguo ninao mimi.