Hina ya Siku ya Mtihani

Alhamisi, 1 Agosti

Mkosi! Bwana Nigam, mwenye kituo chetu cha mafunzo ya urembo, kaniita ofisini kunitangazia kwamba mtahini wa serikali anakuja Alhamisi ijayo kutoka Lucknow. Akanikumbusha kuwa kazi yangu ni kumtafutia wanafunzi, si visingizio. Wanafunzi wapo! Darasa limejaa, wake wa mtaa mzima. Kila asubuhi wanakuja, wanabonyeza kidole kwenye mashine ya mahudhurio, wanarudi kwenye masufuria yao. Mashine inaridhika, serikali inaridhika. Mimi nani nisiridhike?

Anayesoma kweli ni mmoja tu, Sukhvanti, mjane wa marehemu kaka yangu. Hajakosa hata siku. Akipata cheti, kuna saluni mjini Jhansi imeshamwahidi kiti, na chumba cha kulala juu yake. Hatakula tena kwa kuhesabiwa matonge na ndugu wa mume. Mke wangu Kusma anasema jiko litapumua. Chapati za Sukhvanti ni laini kuliko za Kusma, lakini hilo siandiki.

Jumamosi, 3 Agosti

Lallan Chaurasia! Huyu bwana hukusanya wanafunzi wa kituo cha ushonaji, ng'ambo ya soko. Leo kaniringia mbele ya kibanda cha tambuu. Eti wanafunzi wake wote wana aproni za rangi moja, mtahini akiwaona atatokwa machozi. Akaniuliza kwa sauti kama wangu wanajua walau kitana kinashikwa upande gani. Watu wakacheka. Muuza tambuu akacheka kuliko wote, na mkewe nimemwandikisha mimi!

Nikaja nyumbani nimevimba. Hapo ndipo wazo liliponijia. Jumatano ni Teej, sikukuu ya wake, wote watapaka hina hata hivyo. Kwa nini wasipakie kituoni? Mtahini ataingia akute mikono imechorwa toka kiwiko mpaka ncha za vidole. Nani atakumbuka vitana? Nimejipongeza kwa chai mbili.

Jumanne, 6 Agosti

Kituo kimefurika kama nyumba ya harusi. Anayejua kuchora ni Sukhvanti peke yake, kwa hiyo kawachora wote. Tausi, maua, mizabibu. Ncha za vidole akazifunika kwa hina nzito, kama desturi yetu. Mimi nilizunguka nikitoa maelekezo. Hakuna aliyeyafuata.

Mwishowe yeye mwenyewe akabaki na mikono mitupu. Nikamwambia naye apake. Akasema niache mzaha, mjane hapaki hina, au nimesahau naishi mtaa gani. Nikamjibu kwamba mbele ya serikali hakuna mjane, kuna mwanafunzi. Nilijisikia mbunge! Kusma akanikata jicho. Halafu, sijui kwa nini, Kusma huyo huyo akachukua koni ya hina, akamshika mkono na kuanza kumpaka. Vibaya sana, mistari yote imepinda. Sukhvanti hakuutoa mkono.

Jioni nilimwona uani, kaikunjua mikono mapajani, anaitazama. Tangu kaka afariki mikono ile haikuwahi kuona rangi. Alikuwa anatabasamu peke yake. Nilifurahi mno. Angalau mpango wangu mmoja umemfaa mtu.

Alhamisi, 8 Agosti

Mtahini alikuwa mama mpole mwenye miwani. Aliisifu mikono. Akaipiga picha! Lallan alikuwa anachungulia dirishani, nikamwona akinywea.

Ndipo mama akatoa mashine yake. Kila mtahiniwa abonyeze kidole kwanza, kisipotambuliwa mtihani haufunguki. Wa kwanza akabonyeza. Taa nyekundu. Wa pili, nyekundu. Hina imeziba mistari ya vidole! Tulijaribu ndimu, mafuta, sabuni ya kufulia, vidole gumba, vidole vya mwisho. Nyekundu, nyekundu! Wanafunzi wengine wakacheka, wakaenda zao kupika. Sukhvanti alibaki bombani akisugua kwa majivu mpaka ngozi ikatoka damu. Akarudi, akabonyeza. Nyekundu.

Akamwomba yule mama amtazame akifanya kazi. “Dada, nipe kichwa chochote nikisuke, nikikate, uone mwenyewe. Hata hiki cha shemeji.” Mama akasema anaamini anajua, tena inamuuma, lakini anayefungua mtihani ni mashine, si yeye.

Bwana Nigam kanipiga marufuku kukanyaga kituoni. Sukhvanti hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alipika, akanipakulia, akasema chumvi iko koponi. Kosa ni la nani? Nimewaza sana. La mashine.

Jumatatu, 12 Agosti

Sukhvanti kaenda Jhansi kuomba wamsubiri. Mwenye saluni kakubali mpaka Diwali, kundi la pili likitahiniwa. Zaidi ya hapo kiti anapewa mwingine.

Mtaani wanasema mjane kapaka hina na miungu imemjibu. Mvumishaji ni muuza tambuu. Nilimwendea nikamwambia atafune tambuu zake, asimtafune shemeji yangu. Kidogo tushikane mashati! Hina bado haijafutika. Akienda bombani anaficha mikono kwenye pindo la sari. Nilitaka kumwambia kwamba ilimpendeza. Sikuthubutu.

Alhamisi, 15 Agosti

Sikukuu ya uhuru, peremende kila kona. Bwana Nigam kanirudisha kazini! Mkusanyaji aliyemjaribu alimletea wanaume tu. Na kuna habari njema kuliko hiyo: mtihani wa Diwali unakuja na mashine mpya, haisomi vidole, inasoma macho. Nikakimbia nyumbani kumweleza Sukhvanti.

Akaunganisha viganja kama yuko hekaluni, akasema ana ombi moja tu. “Shemeji, nakuomba kwa roho ya kaka yako. Siku hiyo usinisaidie.” Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Maskini, hataki kunisumbua. Ni mtu wa haya sana.

Lakini kaka angekuwa hai angetaka nisimame naye. Nimeshanunua wanja, kopo kubwa la darasa zima. Ule mzito, unaowasha mpaka macho yanafumba yenyewe. Sukhvanti nitampaka wa kwanza.