Neno la Kilidia Chini ya Mkate wa Sinia

Moroni, Jumamosi, 16 Agosti 1997

Wiki mbili tangu kisiwa cha Nzwani kijitenge na sisi. Simu za Mutsamudu, mji wake mkuu, zimekufa. Wenzangu wanaogopa vita. Mimi namwogopa Nadjib! Tulisoma pamoja, sasa yeye anafundisha kule. Tunagombania neno moja la Kilidia, lugha iliyokufa zamani huko Uturuki. Limeonekana mara moja tu, kwenye jiwe la kaburi. Mimi nasema ni cheo cha mtu aliyetimiza ndoa kuu, kama ile karamu yetu ya mji mzima inayomfanya mume ahesabiwe mtu mzima. Yeye anasema ni mlango. Mlango! Jarida la Ufaransa limetuandikia: elewaneni kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo hatuchapishi. Makala ikitoka, labda wakubwa wa mtaa wetu wa Magoudjou wataniruhusu kusema mbele ya watu. Nina miaka hamsini, ndoa kuu sijafanya, bado nahesabiwa mtoto.

Jumatatu, 18 Agosti

Kesho mke wangu Moinahalima anapanda boti kwenda Mutsamudu. Dada yake mgonjwa. Bahati iliyoje! Nimenakili maandishi yote ya jiwe. Neno letu nimelipigia mistari mitatu myekundu. Chini nimeandika: Nadjib, kubali sasa, muda umekwisha. Karatasi nimeificha chini ya mkate wa sinia aliomwokea dada yake. Sikumwambia. Angekataa.

Jumanne, 19 Agosti

Balaa! Wanajeshi wa bandarini wameikuta. Wamesema ni siri za vita za wanaojitenga. Moinahalima kazuiwa! Nilikimbia hadi huko, na nilipomwona kwenye benchi, ameukumbatia mkoba wake, nililia. Sikuwahi kuogopa hivi.

Afisa akaweka kidole juu ya neno, akataka maana. Nikisema sijui, tumekwisha. Nikisema mlango, atauliza wa kuingilia wapi. Nikasema langu: cheo cha aliyetimiza ndoa kuu. Akaitikia kwa kichwa taratibu: ni kweli, nani mwingine angechongewa jiwe? Yeye mwenyewe alitimiza yake mwaka juzi, kwa ng'ombe saba. Wakabaki na mkate, mimi nikarudishiwa mke.

Njiani alinitangulia. Nyumba ni yake, kama ilivyo desturi yetu. Akaingia, akafunga. Nimelala kibarazani.

Alhamisi, 21 Agosti

Nimewaandikia Wafaransa: tafsiri yangu imethibitishwa na jeshi. Amebaki Nadjib tu. Jumamosi mama mkwe anakwenda Mutsamudu kumuuguza binti yake. Anaoka mkate. Kosa langu nimeshaligundua: wino mwekundu. Safari hii natumia wa kijani.